Kisiwa kilichonunuliwa kwa nguo, na michezo ya kukizunguka

Tarihi ya Kilwa inasimulia kwamba kisiwa cha Kilwa kilinunuliwa kwa nguo. Ali bin al-Hasan, ambaye jamaa zake waliondoka Shirazi na merikebu saba, alifika Kilwa akakuta kisiwa kina mwenyewe, mfalme wa bara. Wakapatana bei. Mgeni akizungushie kisiwa chote nguo, nacho kitakuwa chake. Nguo ikatandazwa, mwenyeji akaichukua, akavuka nayo ng'ambo. Baadaye akabadili nia. Akangoja maji yapwe ili avuke kwa miguu pamoja na watu wake, akitwae kisiwa kwa nguvu. Waliokuwa kisiwani wakauchimba mkondo, maji yakakaa palepale, na mfalme wa bara hakuvuka tena.

Wanahistoria wanaisoma hadithi hii kwa tahadhari, na wana haki. Tarihi iliandikwa karne ya 16, miaka mingi baada ya mambo inayoyasimulia, na João de Barros, Mreno, alichapisha masimulizi yake mwaka 1552 yakiwa na tofauti kadhaa. Wachimbuaji wa mambo ya kale, akiwemo Neville Chittick aliyefanya kazi Kilwa katika miaka ya 1960, walikuta dalili kwamba watu walikaa kisiwani kabla ya wakati wa wageni hao. Utafiti wa vinasaba uliotolewa Machi 2023, uliotumia mifupa ya kale kutoka miji ya pwani ikiwemo Kilwa, Songo Mnara na Lindi, umeonyesha kwamba wakazi wengi wa miji hiyo walitokana na mchanganyiko wa Waafrika, hasa upande wa mama, na watu wa Uajemi, hasa upande wa baba. Kwa hiyo watu walikuwepo, wageni walikuja, wakaoana, mji ukasimama. Nguo ya kuzunguka kisiwa ni namna ambayo wenyewe walichagua kuyasema hayo.

Mimi naiangalia hadithi hii kwa jicho jingine. Ina pande mbili zinazoshindana, ina bei inayopimika, ina hila, na ina maji yanayopwa na kujaa kwa saa zake. Mchezo mzuri hauhitaji zaidi ya hayo. Na pwani ya Kilwa na Lindi imejaa visa vya namna hii, ila watoto wetu wakifanya sherehe, mapambo na michezo huletwa kutoka mbali: maharamia wenye kitambaa jichoni, au Wavikingi wenye kofia za pembe.

Sisemi vibaya juu ya Wavikingi. Watu wa Skandinavia wamefanya kazi nzuri ya kuugeuza ubaharia wa babu zao kuwa burudani ya familia, na inafaa tuwatazame kwa makini. Kisiwani Gotland, Uswidi, wana mchezo uitwao kubb. Timu mbili husimama kwenye uwanja wa mita 5 kwa 8, kila timu ikiwa na vigogo vidogo vitano mstarini mwake, na katikati kigogo kimoja kikubwa kinachoitwa mfalme. Mnarusha fimbo sita kutoka chini kwenda juu, mkiangusha vigogo vya wenzenu. Mfalme huangushwa mwisho. Ukimwangusha kabla ya wakati wake, umeshindwa papo hapo. Tangu mwaka 1995 kijiji cha Rone hukaribisha mashindano ya dunia ya mchezo huo, na wanaokwenda ni watoto, wazazi na wazee katika timu zilezile. Upo pia mchezo wa ubao wa hnefatafl, ambamo mfalme hukaa katikati na walinzi wake, na adui walio mara mbili ya idadi yao humjia kutoka pande zote nne. Kazi yake ni kutoroka.

Zile kofia za pembe, hata hivyo, si zao. Zilitokana na mavazi ya jukwaani yaliyobuniwa Ujerumani kwa ajili ya maonyesho ya Wagner mwaka 1876. Hakuna aliyewahi kufukua kofia ya Kivikingi yenye pembe. Ninalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha nguvu ya mchezo: jambo lililovaliwa na kuchezwa hukaa kichwani mwa watu kuliko lililoandikwa kitabuni. Basi kama tutawapa watoto wetu kitu cha kuvaa na kucheza, tuwape chenye ukweli ndani yake.

Isitoshe, bahari yao na yetu hazikuwa mbali sana kama tunavyodhani. Mwaka 1999 ilifukuliwa Gotland, mahali paitwapo Spillings, hazina ya fedha yenye sarafu zaidi ya 14,000, nyingi zikiwa dirhamu za nchi za Kiislamu. Katika karne ya 9, dirhamu za Baghdad na nchi jirani zilikuwa zikipanda mito ya Urusi hadi mikononi mwa Wavikingi, na zama hizohizo miji ya pwani yetu ilikuwa ikipokea vyombo vya udongo na vya kioo kutoka Ghuba ya Uajemi. Wao walikaa ncha ya kaskazini ya biashara ile, sisi ncha ya kusini. Wote waliishi kwa tanga.

Tuanze basi na nguo. Mchezo huu nimeupanga kwa familia kubwa, ile inayokusanyika Idi au mwisho wa mwaka, wakati ndugu wa Dar es Salaam, Mtwara na Nachingwea wamerudi nyumbani na pwani ya Kilwa Masoko imejaa watu hadi magharibi. Chora kisiwa kwenye mchanga mgumu ulio wazi maji yakiwa yamepwa. Kisiwa chenye upana wa mita 10 kina mzunguko wa mita 31 na ushee. Kanga moja ina urefu wa mita moja na nusu hivi, kwa hiyo kanga 21 zikinyooshwa ncha kwa ncha zitakizunguka, na kwa kuwa mafundo hula nguo, weka hesabu ya 24 au zaidi. Chora visiwa viwili, kila timu na chake.

Sasa nguo zitoke wapi? Hapo ndipo utamu. Hakuna timu inayoruhusiwa kuja na nguo zake. Zote ziko kwa bibi, mama, shangazi na makungwi waliokaa mikekani chini ya mivinje, kila mmoja na kanga, kikoi au shuka pajani. Mtoto akitaka nguo anakwenda, anaamkia, anasema anachotaka. Bibi humwuliza swali. Laweza kuwa la ukoo: baba yake babu yako alizaliwa kijiji gani? Laweza kuwa la bahari: kusi huanza kuvuma mwezi gani? Laweza kuwa la mji: nani alilijenga kasri la Husuni Kubwa? Akijibu anapewa kanga, akishindwa anarudi mikono mitupu na kumtuma mwenzake. Bibi ana haki ya kukataa shikamoo iliyosemwa mbiombio. Ana haki pia ya kupunguza bei kwa mjukuu anayemwonea huruma, na watoto wa upande wa pili wana haki ya kulalamika.

Saa ya mchezo ni bahari yenyewe. Anzeni maji yanapoanza kujaa. Siku za bamvua bahari hapa hupanda zaidi ya mita 3, na mchanga uliokuwa mkavu saa nne unaweza kuwa chini ya maji saa saba. Timu ambayo kisiwa chake kimelambwa na wimbi kabla ya fundo la mwisho kufungwa imekikosa. Inayokamilisha mzunguko inakuwa na kazi moja imebaki, kuuchimba mkondo wake kwa mikono ili maji yapite pembeni, na hapo watoto wadogo ambao hawakuweza kujibu maswali hupata cheo, maana hakuna anayechimba mchanga kwa bidii kama mtoto wa miaka mitano.

Kanga zitalowa, zitaanikwa.

Mchezo wa pili unahitaji sauti kubwa na nafasi, basi. Mmoja anakuwa nahodha, wengine mabaharia. Akisema "Kusi!" wote wanakimbia kuelekea kaskazini, kwa sababu kusi husukuma chombo kwenda Mombasa, Lamu na Arabuni. Akisema "Kaskazi!" wanageuka na kukimbia kusini, jinsi majahazi yalivyoshuka kuja Kilwa kati ya Desemba na Machi. "Pandisha tanga!" ni kuinua kanga kwa mikono miwili juu ya kichwa. "Tia nanga!" ni kukaa chini. "Bisha!" ni kwenda kwa kupinda, kushoto na kulia, kama chombo kinachopambana na upepo wa mbele. "Shwari!" kila mtu anaganda, na atakayepepesa kanga yake ametoka. Nahodha hodari huchanganya amri haraka, huita kusi mara tatu halafu shwari, na watu wazima huanguka kabla ya watoto.

Katika mchezo huo mmefundisha jambo ambalo linaeleza kwa nini Kilwa ilikuwa tajiri. Chombo kilichotoka Arabuni au Ghuba kwa kaskazi kiliweza kufika Kilwa, kikauza, kikapakia na kurudi kwa kusi katika msimu mmoja. Kikivuka kwenda kusini zaidi, hadi Sofala kulikotoka dhahabu, kilihatarisha kukosa upepo wa kurudia na kukaa mwaka mzima. Kwa hiyo dhahabu ya Sofala ilikuja Kilwa kwa vyombo vya wenyeji, ikasubiri wanunuzi hapa. Mtoto aliyekimbia kaskazini na kusini mpaka akahema ataielewa ramani hiyo akiikuta darasani.

Kuna mchezo mmoja ambao ningependa kila karamu ya watu wazima iujaribu, hasa usiku wa Idi baada ya pilau. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier, alitia nanga Kilwa. Aliusifu mji kuwa miongoni mwa iliyo mizuri na iliyojengwa vizuri, na akamsifu zaidi sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, Baba wa Zawadi. Anasimulia kwamba siku ya Ijumaa sultani akitoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani, akabadili, akamwachia fakiri nguo zake. Mwanawe alikwenda kuzikomboa nguo zile kwa watumwa 10, na sultani aliposikia jinsi watu walivyofurahi, akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Al-Hasan alipofariki, nduguye Daud alimrithi, naye alikuwa kinyume chake: aliyeombwa kitu alijibu kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutolewa.

Mchezo unakwenda hivi. Mgeni mmoja anakuwa fakiri. Anaweza kumwomba yeyote kitu alichovaa au alicho nacho mkononi: kofia, miwani, saa, ushungi wa pili, funguo za gari, simu. Aliyeombwa hawezi kukataa. Anakitoa, kinawekwa kwenye sinia. Mwishoni kila mwenye kitu hukikomboa kwa jambo atakaloagizwa na wazee: ubeti aliotunga palepale, kisa cha ukoo ambacho vijana hawajakisikia, kitendawili, au wimbo wa ngoma ya kijijini kwao. Mwenye kusema "mtoaji amekufa" anakuwa Daud, na Daud ndiye anayeosha masufuria. Nimeuona mchezo huu ukimfanya mzee aliyekaa kimya jioni nzima asimulie jinsi baba yake alivyokuwa akisafirisha chumvi kwa mashua kutoka Mchinga, habari ambayo watoto wake wenyewe hawakuwa nayo. Aliisimulia kwa ajili ya kofia yake ya vito.

Lakini watumwa wamo ndani ya kisa hicho, na lazima niseme ninavyoliona jambo hili. Ukombozi wa mchezo uwe wa maneno na nyimbo tu. Kilwa Kivinje, kaskazini ya Masoko, katika karne ya 19 ilikuwa bandari kubwa ya kusafirisha watu waliotekwa kutoka bara, wengi kutoka upande wa Ziwa Nyasa, na vizazi vyao wangali wanaishi pwani hii pamoja na vizazi vya waliowaleta. Wavikingi nao waliteka na kuuza watu, na michezo yao ya sherehe hulipita jambo hilo kimya. Sisi tusilipite. Mtoto akiuliza watumwa walikuwa nani, aelezwe palepale, kwa lugha anayoiweza. Ila minyororo, soko na misafara visifanywe mchezo, wala kifo cha Kinjikitile Ngwale, aliyenyongwa na Wajerumani Mohoro mwaka 1905 mwanzoni mwa Vita vya Majimaji. Vina wakati wake wa kusimuliwa na haviendi na vigelegele.

Nirudi mchangani. Sarafu za Kilwa ni mali nyingine ambayo hatujaitumia. Masultani wa Kilwa walifua sarafu za shaba, ndogo, na maandishi ya pande zake mbili yalikuwa na vina: upande mmoja maneno ya kumtegemea Mungu, upande wa pili jina la sultani, na miisho ikifanana kwa sauti. Ni sarafu zenye shairi. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tano za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya nchi yao. Jinsi zilivyofika huko bado wataalamu wanabishana.

Kateni makaratasi magumu mviringo, au tumieni vizibo vya soda vilivyopondwa bapa. Mwandikaji mmoja anatunga mistari yenye vina, nusu ya kwanza anaiandika kwenye sarafu moja na nusu ya pili kwenye nyingine. Zifukieni kwenye eneo lililowekewa alama. Watoto wanazifukua, kisha inaanza kazi ngumu zaidi, kutafuta aliye na nusu yako. Ukikuta sarafu inayoishia na "-ani", unapita kwa wenzako ukiisoma kwa sauti mpaka "-ani" mwenzake ajitokeze. Walimu wa shule za msingi, huu ni wenu. Hauna gharama na unafundisha vina bila ubao.

Vitendawili navyo tayari vina bahari ndani yake. Aliyeshindwa kutegua hutoa mji, na mtegaji huukubali au kuukataa. Fanyeni kila mji utolewao uwe bandari: Sofala, Mafia, Mombasa, Malindi, Mogadishu, Maskati, Hormuz. Mtegaji akikusanya bandari zote za njia moja, kutoka kusini hadi kaskazini bila kuruka, amefika. Tungeni vipya pia. "Nina nguo moja tu, upepo ukija natembea, upepo ukilala nalala." Mtoto wa Kilwa asiyetegua hicho anadaiwa mji.

Resi za vingalawa hazihitaji maelezo marefu. Ndala kuukuu ichongwe iwe mwili wa chombo, vijiti viwili viwe matengo, mfuko laini uwe tanga. Dimbwi lililoachwa na maji kupwa ndilo uwanja. Kanuni moja tu ninayoisisitiza: kila chombo kichongwe na mtoto na mtu mzima kwa pamoja, kwa sababu kupanga urefu wa matengo ili chombo kisipinduke ni maarifa ambayo wavuvi wetu wanayo mikononi na hayajaandikwa popote wanapoweza kuyapata watoto. Vyombo vya plastiki viokotwe vyote baada ya resi. Anayetaka kuongeza historia amwonyeshe mtoto picha za michoro ya vyombo iliyokwaruzwa kwenye chokaa ya kuta za Kilwa na Songo Mnara. Mtu fulani, karne nyingi zilizopita, alisimama chumbani na kitu chenye ncha akachora mlingoti, tanga na kamba zake. Baadhi ya vyombo vya zama hizo vilishonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari.

Kuvuta kamba mnakujua.

Bao ndilo nililolihifadhi kwa ajili ya jioni, na hapa nina neno zaidi. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 6 nyumbani, 2 na 2 kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi, ambazo huziingiza ubaoni moja moja katika hatua ya namua, kabla ya kuingia hatua ya mtaji. Mwalimu Nyerere naye alilicheza. Ukililinganisha na ule ubao wa Wavikingi, unaona tofauti ambayo ni kubwa kuliko kanuni. Katika hnefatafl aliyekamatwa hutolewa ubaoni na hana kazi tena. Katika bao kete zilizoliwa hazitoki. Zinaingia upande wa aliyekula, zinasambazwa, zinamfanyia kazi, na kesho zinaweza kuliwa tena na kurudi zilikotoka. Kete ni 64 mwanzo na ni 64 mwisho. Naona ndani yake mji wa bandari, ambamo mgeni huingia, huoa, hupewa shimo lake, na baada ya muda huwezi kumtofautisha na aliyetangulia. Hiyo ni tafsiri yangu, na fundi wa bao anaweza kuikataa.

Kwa sherehe, chimbeni bao mchangani. Safu nne za mashimo manane, kila shimo la kutosha kikombe. Kete ziwe komwe mkizipata, na msipozipata ziwe korosho, ambazo Lindi haina upungufu nazo. Timu ya watu wanne kwa wanne, kila mmoja akicheza kwa zamu, na mzee mmoja wa baraza akikaa pembeni kuamua ubishi. Watoto wanaoanza wacheze bila nyumba wala namua, kete mbili kila shimo, mpaka mkono uzoee kusambaza. Kete zikiwa korosho, mshindi anapewa zote azikaange. Hakuna zawadi nzuri kuliko ile iliyochezewa.

Sasa maagizo machache, na ninayasema kwa uzito. Michezo hii ichezwe pwani, si ndani ya magofu. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 vilikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya mawimbi yanayokula ufukwe, mimea na kuta zilizochoka. Kuta zile ni matumbawe na chokaa. Mtoto akiparamia ukuta wa Husuni Kubwa au akikimbia pembezoni mwa bwawa lake la pembe nane, jiwe lililosimama tangu karne ya 14 linaweza kung'oka, na yeye akaumia. Msikiti Mkuu ni mahali pa ibada ya wazee wetu, tuuingie kwa adabu. Mpango mzuri ni huu: asubuhi pateni kibali Masoko, vukeni kwa mashua mkiwa na mwongozaji, mtazame na kuuliza. Mchana mrudi ng'ambo, mcheze mliyoyaona. Watoto wanaotoka kutembelea magofu huuliza maswali ya kila aina, na mchezo unaoanza siku hiyohiyo huyapa mahali pa kwenda.

Chakula kiwe cha hapa. Wali wa nazi na pweza, mikate ya kumimina, muhogo wa kuchemsha, madafu. Siku ya sherehe ya watoto Lindi mjini, ufukweni kwenye ghuba, ukitazama Kitunda ng'ambo na mashua zikiingia, hakuna sababu ya kuhangaika na mapambo ya kununuliwa. Kanga kumi zikifungwa kwenye kamba baina ya minazi miwili zinatosha. Kazi ya mtu mzima mmoja iwe kutazama bahari tu na kuhesabu watoto, hasa maji yanapojaa, na viatu vivaliwe na wanaoingia kwenye miamba, kwa sababu ya miiba ya nungunungu wa baharini.

Neno la mwisho ni kuhusu waliobaki. Vasco da Gama alikuja Kilwa mwaka 1502 akadai kodi, na Francisco de Almeida alipouvamia mji na kuupora Julai 1505, Wareno walijenga ngome waliyoikalia hadi 1512 tu. Wakaondoka. Watu wa kisiwa walibaki, na wangali wanavua kwenye mkondo uleule unaotajwa kwenye Tarihi. Miongoni mwao, na Kivinje, na Rushungi, na Mchinga, wapo wazee wanaojua michezo ya pwani ambayo mimi sijaigusa humu. Idi ijayo, kabla hamjaagiza mapambo kutoka Kariakoo, mketisheni mmoja wao mkekani, mwombeni awachezeshe watoto mchezo aliocheza akiwa na umri wao, na mpeni mtoto anayejua kuandika daftari na kalamu anakili kanuni zake zote mpaka ya mwisho.